Kitambaa cha njano kikianguka: namna ya kuupima uamuzi wa refa wa NFL

Aliyekulia kwenye soka akisikia neno penati, macho yake huenda kwenye nukta ya mita 11. Katika futiboli ya Kimarekani, inayochezwa kwenye ligi ya NFL, hakuna nukta wala mpigaji. Penati ni adhabu ya umbali: mpira hurudishwa nyuma washambuliaji wakikosa, husogezwa mbele walinzi wakikosa, na mara nyingine dauni hupotea au dauni mpya ya kwanza hutolewa bure. Kwa kuwa timu ina majaribio manne tu, yaani dauni nne, ya kusogea yadi 10, kitambaa kimoja cha njano, ambacho mwamuzi hukirusha chini akiona kosa, kinaweza kuua shambulizi au kulifufua.

Ubishi mwingi huanzia kwenye swali lisilo lenyewe. Shabiki huuliza, "Kamgusa, hakumgusa?" Lakini huu ni mchezo wa kugongana, na mguso upo kila sekunde. Kanuni huuliza mengine: mguso ulitokea lini, mpira ulikuwa wapi, mkono ulishika upande gani wa mwili, na aliyeguswa alizuiwa kufanya nini. Ukijua kila kosa linauliza nini, unaweza kuketi na marudio ya video ukafikia hukumu yako mwenyewe.

Anza na pale kitambaa kilipolala

Uwanjani wapo waamuzi 7. Mwenye kofia nyeupe ni refa mkuu. Husimama nyuma ya kwotabeki, yaani mrusha pasi wa washambuliaji, humchunga yeye, na ndiye anayetangaza kwa kipaza sauti. Ampaya naye husimama upande wa washambuliaji akikagua mikono ya wazuiaji, yaani washambuliaji wanaomkinga kwotabeki dhidi ya walinzi. Wawili wako kwenye ncha za mstari wa kuanzia, pale mpira unapowekwa kabla ya kila jaribio: hao ndio huona nani ameotea, yaani amesimama au amepita mbele ya mstari huo kabla ya wakati, nani ametikisika kabla ya mpira kuanzishwa, na mguu upi umekanyaga nje. Watatu waliobaki wako mbali, yadi 20 hivi na zaidi nyuma ya mstari, kwa ajili ya pasi ndefu.

Kwa hiyo kabla ya kumlaumu mwenye kofia nyeupe, tazama kitambaa kimeangukia wapi. Kikiwa karibu na mstari, tarajia kushikilia au kuotea. Kikiwa mbali uwanjani, ni jambo la pasi. Kikitokea nyuma ya kwotabeki baada ya mpira kuondoka, ni kumchezea kwotabeki rafu. Refa mkuu hutangaza, lakini mara nyingi aliyeona ni mwingine, na pembe aliyosimama huyo ndiyo unayopaswa kuitafuta kwenye video.

Bei ya kila kosa

Yadi 5 ni za makosa ya mpangilio: kuotea, kuanza mapema, kuchelewesha mchezo, wachezaji 12 uwanjani. Yadi 10 ni za mshambuliaji anayeshikilia, au mpokeaji anayemsukuma mlinzi ili apate nafasi ya pasi. Yadi 15 ni za makosa yanayohatarisha mwili, kama kushika nondo za helmeti au kumgonga kichwani mtu asiyeweza kujikinga, pamoja na utovu wa nidhamu.

Pana mitego miwili hapa. Mlinzi akimshikilia mpokeaji, adhabu ni yadi 5 tu, lakini huambatana na dauni ya kwanza. Timu iliyokuwa kwenye dauni ya tatu ikihitaji yadi 18 hupata majaribio manne mapya kwa kosa la yadi 5. Karibu kila kosa la ulinzi hutoa dauni hiyo. Yasiyotoa ni machache, hasa kuotea, wachezaji kuzidi, kuchelewesha mchezo, na kumgonga mpiga teke kidogo bila kumuumiza.

Mtego wa pili ni mlinzi kuingilia pasi. Kosa hilo halina bei maalumu. Mpira huwekwa pale pale kosa lilipotendeka, iwe yadi 8 au 48, pamoja na dauni ya kwanza. Likitendeka ndani ya eneo la bao, kipande cha mwisho wa uwanja nyuma ya mstari wa bao, mpira huwekwa kwenye yadi ya 1 kabla ya mstari huo. Kwenye ligi za vyuo vya Marekani adhabu hiyo haizidi yadi 15, na wengi huchanganya kanuni hizi mbili.

Ukiona mpira umesogezwa yadi 3 kwa kosa la yadi 5, waamuzi hawajakosea hesabu. Adhabu yenye yadi maalumu haiwezi kuzidi nusu ya umbali uliobaki hadi mstari wa bao. Na mshambuliaji akimshikilia mlinzi ndani ya eneo lake mwenyewe la bao, ulinzi hupewa pointi 2 na mpira juu yake.

Pasi, palipo na moto mwingi

Rudisha video, kisha isimamishe pale mpira unapotoka mkononi mwa kwotabeki. Picha hiyo moja hutatua nusu ya mabishano. Kuvuta jezi kabla ya hapo ni kushikilia. Kumkumba mpokeaji aliyekwisha kupita yadi 5 kutoka mstari, kwotabeki akiwa bado na mpira ndani ya ngome ya wazuiaji wake, ni mguso haramu, nao una bei ileile ya yadi 5 na dauni ya kwanza. Ndani ya zile yadi 5 za mwanzo mlinzi anaruhusiwa kumkumba. Mpira ukishakuwa hewani ndipo suala linapogeuka kuwa kuingilia pasi.

Chukua fainali ya Super Bowl ya LVII, tarehe 12 Februari 2023. Chiefs na Eagles walikuwa 35 kwa 35, zimebaki dakika 1 na sekunde 54, dauni ya tatu na yadi 8. Pasi kwa JuJu Smith-Schuster haikudakwa, kitambaa kikarushwa dhidi ya James Bradberry. Wengi walilalamika kwamba pasi ile ilikuwa mbali, haidakiki. Lakini swali la kudakika ni la kuingilia pasi, na yeye alihukumiwa kwa kushikilia, kosa lisilojali mpira ulikwenda wapi. Bradberry mwenyewe alikiri baada ya mechi kwamba aliivuta jezi. Chiefs wakapata dauni ya kwanza, wakala muda, wakapiga shuti la pointi 3 zikiwa zimebaki sekunde chache, wakashinda 38 kwa 35. Unaweza kusema kwa haki kwamba mvuto ule ulikuwa mdogo kuamulia fainali. Kusema haukuwepo ni kupingana na aliyeuvuta.

Mpira ukiwa hewani, kagua kwa mpangilio huu. Kwanza, pasi imevuka mstari wa kuanzia? Isipovuka, hakuna kuingilia. Pili, imeguswa na mtu yeyote kabla ya mgongano? Ikiguswa, ulinzi wa mpokeaji umekwisha. Tatu, ilidakika? Nne, ndipo utazame miili: mkono uliombana mpokeaji kabla mpira haujafika, kiuno kilichoshikwa na kuzungushwa, au mlinzi aliyepita kwenye mgongo wa mwenzake kuufuata mpira. Mlinzi kutogeuza kichwa si kosa katika NFL, hata akiziba uso wa mpokeaji kwa mikono, mradi hamgusi. Kinachomponza ni kutotazama mpira pamoja na mguso unaomzuia mwenzake. Na wote wawili wakiwa wanautafuta mpira kwa dhati, kugongana kwao si kosa, kwa kuwa haki ya mpira ni ya kila mmoja.

Kipime kwa kipimo hicho kisa cha New Orleans cha tarehe 20 Januari 2019, Saints na Rams, mshindi aende Super Bowl. Matokeo yalikuwa 20 kwa 20, zimebaki dakika 1 na sekunde 49. Nickell Robey-Coleman wa Rams alimgonga Tommylee Lewis kabla ya mpira kufika, bila kuutazama. Pasi imevuka, haijaguswa, ilidakika, mguso ni wa mapema na unazuia. Masharti yote manne yametimia, na hakuna kitambaa kilichorushwa. Rams walishinda 26 kwa 23 katika muda wa nyongeza. Hili halina utetezi wowote wa kikanuni.

Hasira za mechi ile ziliifanya ligi iruhusu kuingilia pasi kukatiwe rufaa ya video katika msimu wa 2019. Jaribio halikudumu, mwaka 2020 halikuhuishwa. Sababu inafaa kueleweka: video hujibu vizuri maswali ya ndiyo au hapana, kama mguu ulikanyaga mstari. "Alizuiwa kiasi gani" ni swali la kiwango, na marudio ya polepole hufanya kila mguso uonekane wa kikatili.

Ndiyo sababu ya kanuni hii ya kutazama: miguu, mistari na mikono iliyoshika mpira vitazame polepole, migongano itazame kwa kasi ya kawaida, mara mbili au tatu, kutoka pembe zaidi ya moja. Kamera ya nyuma hukunja umbali, mkono ulio sentimita 30 mbali ukaonekana umemkumbatia mtu.

Kushikilia kwa wazuiaji

Wapo wanaosema kushikilia kunaweza kuitwa kila mchezo, yaani kila jaribio moja la mpira. Si kweli. Mzuiaji anaruhusiwa kushika jezi, ili mradi mikono iko ndani ya upana wa kifua cha mlinzi na miguu yake inaendelea kumsukuma. Kosa huanza mkono unapotoka nje ya mabega ukavuta, ukapindua au ukaangusha. Tazama mabega ya mlinzi: yakigeuka ghafla upande asiokuwa anakwenda, ameshikwa. Kisha tazama mpira uko wapi. Waamuzi hawatafuti vitambaa mbali na mchezo, na mzuiaji akiachia mara moja husamehewa. Tena mlinzi akipitisha mkono wake chini ya kwapa la mzuiaji na kuunyanyua ili ajinasue, mkao unaotokea hufanana sana na kukabwa shingo, lakini kwa kawaida hauadhibiwi kwa kuwa ameusababisha mwenyewe.

Amedaka au hakudaka

Hapa jifunze kutenganisha kosa la refa na kosa la kanuni. Tarehe 11 Januari 2015, Dez Bryant wa Cowboys aliruka juu ya mlinzi wa Packers, akadaka, akaangukia karibu na mstari wa bao. Uwanjani ilihukumiwa amedaka. Video ikatengua, kwa sababu kanuni ya wakati ule ilimtaka anayeanguka aushike mpira bila kuyumba hadi mwisho wa anguko, na mpira ulitikisika ulipogusa chini. Desemba 2017 Jesse James wa Steelers alinyang'anywa bao dhidi ya Patriots kwa kanuni hiyohiyo. Waamuzi walisoma kilichoandikwa. Kilichoandikwa ndicho kilichokuwa kibaya, na Machi 2018 wamiliki wa timu zote 32 wakakibadilisha.

Tangu hapo maswali ni matatu, kwa mpangilio. Ana umiliki wa mpira? Amegusa ndani ya uwanja kwa miguu miwili, au kiungo kingine kisicho mkono? Je, baada ya hapo amefanya tendo la mchezo, kama hatua ya tatu au kuunyoosha mpira mbele, au amekaa nao muda wa kutosha kulifanya? Mpira kutikisika peke yake hakutengui tena; lazima umiliki upotee.

Kisa cha Januari 2002 cha Raiders na Patriots ni cha aina hiyo pia. Tom Brady aliponyokwa na mpira kwenye theluji baada ya kugongwa na Charles Woodson, refa Walt Coleman akatengua kwa video, akasema ni pasi isiyodakwa, kwa sababu mkono wa Brady ulikuwa bado unaurudisha mpira kifuani. Kwa kanuni iliyokuwapo alikuwa sahihi. Kanuni ilifutwa mwaka 2013.

Wawili wakidaka pamoja, mpira ni wa washambuliaji. Ila mmoja akiumiliki kwanza, mwingine akaja kuushika baadaye, huo si udakaji wa pamoja. Sentensi hiyo ya pili ndiyo iliyokuwa kiini cha mechi ya Packers na Seahawks ya tarehe 24 Septemba 2012, iliyochezeshwa na waamuzi wa akiba wakati wa mgogoro wa mkataba. Golden Tate alipewa bao la mwisho, Seattle ikashinda 14 kwa 12. Siku iliyofuata ligi ilikiri kwamba Tate alimsukuma mlinzi kabla ya kudaka na alistahili kitambaa, ingawa iliunga mkono uamuzi wa udakaji wenyewe. Mkataba na waamuzi wa kudumu ulipatikana ndani ya siku chache.

Kumgonga kwotabeki

Simamisha tena pale mpira unapotoka mkononi. Mlinzi ana hatua moja ya kuendelea nayo. Akipiga ya pili kisha akagonga, amechelewa. Halafu tazama mahali pa mguso: kichwani au shingoni kwa nguvu, au kwenye goti na chini yake, ni kosa hata kama muda ulikuwa sahihi. Mwisho, tazama anguko. Mlinzi hapaswi kumlalia kwotabeki kwa uzito wake wote au sehemu yake kubwa, jambo lililotiliwa mkazo mwaka 2018.

Suala la anguko ndilo linalozaa hukumu dhaifu zaidi katika mchezo huu. Oktoba 2022, siku mbili mfululizo, Grady Jarrett wa Falcons aliadhibiwa kwa kumzungusha Brady na kumwangusha, kisha Chris Jones wa Chiefs kwa kumwangukia Derek Carr, ilhali Jones alikuwa ameshaupokonya mpira na kutanguliza mkono ajizuie. Ukikagua hatua, mahali na anguko, kisa cha Jarrett hakitimizi hata kimoja.

Makosa ya utaratibu

Haya hayana huruma na hayana kiwango. Desemba 2023 Kadarius Toney wa Chiefs alifunga bao dhidi ya Bills, likafutwa kwa kuwa alisimama mbele ya mstari kabla ya mpira kuanzishwa. Lawama zilikuwa kwamba mwamuzi hakumwonya. Kuonya ni hisani, si wajibu. Mpokeaji anapaswa kumwangalia mwamuzi wa pembeni na kuuliza kwa ishara kama yuko sawa.

Wiki tatu baadaye Lions walipoteza 20 kwa 19 mbele ya Cowboys. Mwenye jezi ya 50 hadi 79, au 90 hadi 99, haruhusiwi kupokea pasi mpaka ajiandikishe kwa refa mkuu kabla ya mchezo husika, naye refa huwatangazia walinzi namba hiyo. Refa alitangaza namba 70. Aliyedaka pasi ya pointi 2 za nyongeza baada ya bao alikuwa Taylor Decker, namba 68. Lions walisisitiza Decker alijiandikisha. Ukiona wachezaji wawili au watatu wakubwa wakimsogelea refa kwa pamoja, sikiliza namba inayotangazwa. Timu isipoisahihisha kabla ya mpira kuanzishwa, imekwisha.

Na saa ya kuanzisha mpira ikionyesha sifuri bila kitambaa cha kuchelewesha mchezo? Mwamuzi wa nyuma hutazama saa ifike sifuri, kisha hugeuza macho kwenye mpira. Ukiwa umeshaanza kuondoka, hakuna kosa. Upenyo huo upo kila mechi, kwa timu zote.

Video inafika wapi

Kocha ana rufaa 2 kwa kitambaa chekundu, na ya 3 akishinda angalau moja. Akishindwa hupoteza taimauti, yaani nafasi ya kusimamisha saa, na asiye na taimauti hana rufaa. Lazima akirushe kabla ya mchezo unaofuata kuanza. Mabao na mpira kubadilisha mikono hukaguliwa bila kuombwa, kama ilivyo kwa kila jambo la dakika 2 za mwisho wa kila nusu na la muda wa nyongeza. Uamuzi wa mwisho hutoka ofisi ya ligi, New York.

Sikiliza neno la refa. Akisema uamuzi umethibitishwa, video imeonyesha ni sahihi. Akisema unabaki, video haikutosha kuonyesha lolote, na ungehukumiwa kinyume uwanjani, nao pia ungebaki. Waliozoea VAR wanaijua hali hii: anayetangulia kuamua ana faida kubwa. Tangu 2025 chumba cha video kinaweza kufuta baadhi ya vitambaa vilivyokwisha kurushwa, kama cha kushika nondo za helmeti, lakini hakiwezi kurusha kipya kwa makosa hayo.

Kukubali au kukataa

Timu iliyokosewa huchagua. Tuseme washambuliaji wako yadi ya 32 ya wapinzani, dauni ya tatu na yadi 10, pasi haikudakwa, na wao wenyewe wameshikilia. Ulinzi ukikataa adhabu, inakuja dauni ya nne na shuti la yadi 49: unaongeza 17 kwenye 32, yaani 10 za eneo la bao na 7 za kurudisha mpira kwa mpiga teke. Ukikubali, wanarudi yadi ya 42, dauni ya tatu na yadi 20. Wasiposogea, shuti ni la yadi 59. Mpiga teke wao akiwa hodari, kubali. Wangekuwa yadi ya 45 ya upande wao, kukataa ndiko sahihi, kwa sababu dauni ya nne huko ni ya kuupiga mpira mbali tu.

Ndani ya dakika 2 za mwisho wa nusu, ongeza saa kwenye hesabu. Mshambuliaji akianza mapema saa ikiwa inatembea, zinakatwa sekunde 10 pamoja na zile yadi 5, isipokuwa timu yake itoe taimauti kuziokoa.

Mechi ikiisha na kisa bado kinawaka, subiri ripoti ya mwandishi mmoja anayeruhusiwa kumhoji refa mkuu kwa niaba ya wenzake. Hutoka usiku uleule, kwa hiyo Afrika Mashariki huwa tayari asubuhi. Isome kutafuta kitu kimoja: ni kosa gani hasa waliloita au waliloacha, na nani aliyekuwa na jukumu la kuliona. Baada ya mechi ya Saints, refa Bill Vinovich alijibu kwamba ulikuwa uamuzi wa mwamuzi aliyesimamia eneo lile, na kwamba yeye mwenyewe alikuwa hajauona mchezo huo.